Wakuu Saba wa Nyumba ya Farao

Mukai alijua kupiga msasa kabla hajajua kusonga ugali. Huko kwao, kwenye vilima vya nyuma ya Masii, wanaume walichonga na wanawake walilainisha, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Swara wa mti akitoka mkononi mwa mwanamume akiwa bado na makovu ya tezo, lile shoka dogo la kuchongea, mwanamke alimpakata mapajani, akamsugua kwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha ule laini kabisa, halafu akampaka rangi ya viatu na kumng'arisha kwa kitambaa. Chini ya kwato mwanamume alichora namba yake katika chama cha wachongaji. Namba ya Muthoka, mumewe Mukai, ilikuwa arobaini na moja. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa Mukai alipita na msasa kandokando ya namba hiyo kwa uangalifu ili asiifute.

Muthoka alikuwa fundi kwelikweli. Kazi alijifunzia Wamunyu, kwenye wachongaji wa tangu zamani, kwa mjomba wake, na hata waliomchukia walikubali kwamba twiga wa Muthoka alikuwa na shingo ya twiga, si ya ngamia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akiridhika na kazi alikohoa mara moja, basi.

Mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño zikiwa zimekula nusu ya barabara, pikapu moja iliyojaa matope mpaka kwenye vioo ilisimama mbele ya boma lao. Aliyeshuka alikuwa Kioko, mwenye machimbo ya mawe kule Mlolongo. Alikuwa anajenga hoteli karibu na Athi River, na hakutaka ifanane na nyingine yoyote.

"Kila hoteli iko na Mmasai wa mbao mlangoni," alimwambia Muthoka. "Mimi nimefika Kairo na wenzangu wa biashara. Nimeona vitu. Nataka watu wa Farao."

"Farao mwenyewe?" Muthoka aliuliza.

"Hapana. Farao nitakuwa mimi." Kioko alicheka peke yake. "Nataka wale waliomshikia kazi. Saba, kila mmoja urefu wa mtoto wa darasa la nne. Wawe tayari kabla ya Krismasi."

Aliacha kitabu kikubwa cha picha, kilichoandikwa kwa Kiingereza, na wiki iliyofuata akaleta magogo. Muthoka alifungua kitabu, akatazama picha bila kusoma. Mukai ndiye aliyesoma. Alikuwa amefika darasa la saba na kulifaulu, ila nyumbani kwao ada ya sekondari ilimwendea kaka yake. Basi alikaa na kitabu kile mapajani kama anavyokaa na swara, akafuata mistari kwa kidole, na neno lililomshinda alilitafuta kwenye kamusi ya watoto.

Ndipo akawajua. Kulikuwa na waziri mkuu, aliyevaa vazi refu lililofungwa kifuani, ambaye kesi zote za nchi zilimfikia yeye kwanza. Kulikuwa na mtunza muhuri wa mfalme, na mkuu wa maghala ya nafaka, na mpepeaji aliyesimama mkono wa kuume wa mfalme, na jemadari, na karani aliyeketi chini miguu imekunjwa, karatasi imelala mapajani. Na kulikuwa na msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme. Huyo alishika mashamba ya mfalme, ng'ombe wake, wafumaji wake na mashua zake. Ukuta ukijengwa, yeye ndiye aliyesimama juani kuhesabu mawe. Lakini ukutani, kitabu kilisema, kuliandikwa kwamba mfalme amejenga.

"Kama Yusufu," Mukai alimwambia mumewe.

"Yusufu alitoka jela," Muthoka akajibu, akainua tezo.

Alichonga waziri mkuu na karani, na walikuwa wazuri. Mwezi wa tano, asubuhi moja ya Jumanne, Mukai alisikia tezo ikianguka, na haikuokotwa. Alipotoka alimkuta Muthoka ameegemea gogo, mdomo umekwenda upande mmoja, mkono wa kulia unaning'inia kama mkono wa koti. Hospitalini Machakos walimlaza wiki tatu. Alirudi akiburura mguu, maneno yakimtoka yamevunjika. Mkono ule haukurudi tena.

Magogo matano yalikuwa bado yamelala bandani. Kitheka, mdogo wake Muthoka, alikuja kuyatazama mara mbili, akiyapigapiga kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji. Kitheka alikuwa mchongaji wa vijiko vya saladi.

"Kazi itaenda kwake," Muthoka alisema jioni ile. "Hakuna njia nyingine."

"Nitachonga mimi," Mukai akasema.

Mumewe akatikisa kichwa. "Mwanamke hachongi."

"Basi usiniite mwanamke. Niite mkono."

Kesho yake Muthoka alimwambia aburute gogo moja ndani ya chumba walichokuwa wakihifadhia mahindi. Mlango ulifungwa kwa pazia la gunia. Muthoka aliketi nje, karibu na pazia, kipande cha mti katikati ya magoti na tezo katika mkono wa kushoto, ili mpita njia akisikia mlio wa chuma kwenye mti aone mwenye kazi yuko kazini. Majirani walisema Mungu ni mkubwa, Muthoka anachonga kwa mkono mmoja.

Alimfundisha kwa masikio. Ndani Mukai akipiga vibaya, nje Muthoka alijua. "Umeenda na nyuzi za mti, utaupasua," alisema. "Geuza." Au, "Hapo umeogopa. Mti unajua mtu mwoga." Wiki za kwanza aliharibu goti la jemadari akalia, na Muthoka hakumbembeleza, alimwambia amfupishe jemadari mzima kwa inchi mbili. Mikono yake ilipasuka, ikapona, ikawa migumu. Kufikia mwezi wa nane maelekezo kutoka nje yalikuwa yamepungua. Kufikia mwezi wa tisa yalikoma. Siku moja alitoka na kichwa cha mpepeaji, alichokichonga kando ili kipachikwe, akakiweka mbele ya mumewe. Muthoka alikigeuza kwa mkono wake mzima. Alikohoa mara moja.

Mukai alikikumbuka kikohozi kile maisha yake yote. Hakupata kingine.

Msimamizi mkuu, Mukai alimwacha awe wa mwisho. Picha yake kitabuni ilikuwa na kasoro: pua ilikuwa imevunjika, na nusu ya uso haikuwepo. Maelezo ya chini yalisema sanamu za wakuu ziliandikwa majina yao ili mtu apitaye ayatamke, na kwamba wengine, walipoanguka au walipochukiwa na wafalme waliofuata, majina yao yalifutwa kwa patasi. Mukai alilisoma hilo mara tatu. Halafu, kwa kuwa uso haukuwepo, alimpa uso wa baba yake.

Baba yake alikuwa mnyapara mkuu katika shamba la mkonge la mzungu. Kwa miaka ishirini na sita alishika funguo za stoo, za nyumba ya mashine na za kisima. Alijua kila mfanyakazi kwa jina, na mzungu akisafiri Ulaya, shamba lilikuwa lake kwa kila kitu isipokuwa faida. Shamba lilipouzwa alipewa blanketi na barua ya shukrani. Mukai alikumbuka jinsi mdomo wa juu wa baba yake ulivyobana siku ile aliporudi nyumbani, na mdomo huo ndio aliouchonga. Mwili aliupa mikunjo ya mafuta kifuani, kama kitabu kilivyoonyesha, maana Wamisri walitaka mkuu aonekane ameshiba. Juu ya mikunjo ile ya shibe aliweka uso wa mtu asiyeshiba.

Kioko alikuja bila taarifa mwezi wa kumi na moja. Muthoka alikuwa ameenda chooni, na kwenda na kurudi kulimchukua muda. Kioko alifuata mlio wa tezo, akafunua pazia.

Mukai alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, vibanzi vya mti vimemjaa kwenye leso, anamalizia sikio la msimamizi mkuu. Walitazamana. Kioko akamtazama sanamu, akamzunguka, akamgusa mdomo.

"Ni wewe umefanya hii?"

"Ni mimi. Na hao wengine wanne."

Kioko alishusha pumzi. "Mama, sikiliza. Mimi nimeshatangaza. Nimeambia watu hizi sanamu zinachongwa na Muthoka, yule wa Masii. Wageni wangu wanajua hilo jina." Akarudisha pazia taratibu, kama mtu anayefunika chakula. "Hii kazi ni safi sana. Tuiache hivyo."

Muthoka aliporudi na kumkuta Kioko uani, wanaume wawili walisalimiana, wakazungumzia lori la kubeba sanamu. Hakuna aliyetaja pazia. Baadaye Mukai alimwambia mumewe kwamba Kioko ameona. Muthoka akajibu, "Na hakukasirika?" Akaambiwa hapana. "Basi ni sawa," akasema, na kumwomba amchoree namba arobaini na moja chini ya nyayo, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza kuchora vizuri. Mukai alichora. Alizichora saba, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wa mumewe.

Hoteli ilifunguliwa wiki moja kabla ya Krismasi. Muthoka alivishwa suti ya kuazima na kuketishwa mstari wa mbele. Mukai alisimama nyuma ya kiti chake kwa kuwa ndiye aliyemsaidia kuinuka. Wale wakuu saba walikuwa wamepangwa tangu mlangoni mpaka mapokezi, na msimamizi mkuu alikuwa amewekwa kando ya ubao wa funguo za vyumba. Wageni walimpigapiga begani wakipita. Mwanamke mmoja alisema huyu ana uso wa mtu halisi.

Mwandishi wa gazeti alipiga magoti mbele ya Muthoka na daftari lake. Alimuuliza aliwezaje, na mkono umekufa. Muthoka alizungumza polepole ili maneno yasivunjike. Alisema alikuwa na mjomba Wamunyu. Alisema mti ukikupenda unakusubiri. Mwandishi akauliza kama alisaidiwa na yeyote.

Mukai aliushika vizuri mgongo wa kiti.

"Mke wangu," Muthoka alisema. "Alinisaidia kupiga msasa."

Ilitoka hivyo hivyo gazetini, na picha ya Muthoka akiwa na waziri mkuu. Mukai alikuwemo kidogo pichani: kiwiko chake.

Nyumbani hakupika siku mbili. Siku ya tatu Muthoka alimwita aketi.

"Ulitaka niseme nini?" aliuliza. "Niseme mbele ya watu kwamba nimeketi nje kama jogoo, na mke wangu ndani anafanya kazi yangu?"

"Na mimi ulitaka nisikie nini, Baba Mutanu? Miezi saba nimekuwa mkono wako. Mkono nao una mwenyewe."

"Wewe uko na miguu miwili na mikono miwili. Mimi niko na jina. Likiondoka nitabaki na nini?"

Lililomuumiza Mukai zaidi ni kwamba mtu aliyemwibia alikuwa na sababu. Akainuka, akawasha moto.

Waliishi hivyo zaidi ya miaka minne. Alichonga tena, si Wamisri bali vifaru na viboko vya kawaida, nyuma ya gunia lile lile, na namba arobaini na moja ikaendelea kusifiwa chamani. Binti yao Mutanu, aliyekuwa shule ya bweni tangu darasa la sita, aliwaambia wenzake baba yake ni shujaa. Muthoka alifariki mwezi wa pili, 2003. Kwenye mazishi mwenyekiti wa chama, mzee Nzuki, alisoma kipande kile cha gazeti mbele ya kaburi, mpaka lile neno la msasa, na watu wakamgeukia Mukai kwa huruma wakitikisa vichwa, kwamba alikuwa mke mwema.

Wiki nne baadaye alisikia Kitheka amepewa namba arobaini na moja. Akavaa viatu vya kanisani, akaenda kwenye mkutano wa kamati.

"Nimekuja kuomba namba ya mume wangu," alisema.

"Mwaitu," Nzuki alimwita kwa heshima, kama anayemwita mama, "namba ni ya mchongaji. Wewe utaendelea na kazi ya msasa kwa Kitheka. Hatutakuacha."

"Mimi ndiye nilichonga Wamisri wa Kioko. Watano kati ya saba. Na kila kitu kilichotoka kwetu baada ya hapo."

Wanaume walitazama meza. Kitheka alicheka kidogo, akaacha. Nzuki alivua miwani, akaifuta.

"Marehemu hata nyasi hazijaota juu yake," alisema.

"Nipeni tezo. Nipeni mti wowote. Niketi hapa mnitazame."

Walimpa kipande cha jakaranda, labda kwa aibu, labda kwa kutaka yaishe. Aliketi kwenye ngazi ya ofisi juani, tangu saa nne mpaka saa tisa. Wanawake wa msasa waliacha kusugua wakatazama kwa mbali. Alipomaliza alimkabidhi Nzuki kichwa cha mzee mwenye mdomo uliobana. Nzuki alikigeuza chini, juu, akapitisha kidole gumba kwenye kope.

"Unaweza," alisema mwishowe. "Sitasema uongo, unaweza. Lakini kuweza leo si kusema ulifanya jana. Muthoka alikufundisha, ni sawa. Unataka tumtoe kaburini tumwite mwongo, na gazeti lilisema?"

"Kioko aliona. Muulizeni Kioko."

"Mlete basi. Akisema yeye, tutaandika."

Alifunga safari siku iliyofuata. Hotelini alikuta lango limebadilishwa rangi, na ndani hakukuwa na sanamu hata moja. Mahali pa ubao wa funguo palining'inia mstari wa Zaburi. Askari wa langoni, mtu mpole, alimweleza bila kuulizwa mara mbili. Tajiri mwenye hoteli aliokoka mwaka jana. Mhubiri alikuja kuombea nyumba baada ya biashara kudorora, akasema hawa watu wa Farao ni miungu ya Misri, ndio wanaokausha baraka. Walizitoa nje zote saba, wakazimwagia mafuta ya taa kule nyuma ya jikoni, watu wakiimba.

"Ziliungua siku nzima," alisema askari. "Miti ilikuwa mizuri. Huyu mmoja, yule wa mapokezi, alikataa kushika moto. Wakamkata kwa msumeno kwanza."

Mukai alimwomba maji ya kunywa. Aliletewa, akayanywa yote amesimama.

Kioko alimpokea ofisini kwake Mlolongo, kule kwenye machimbo, vumbi jeupe limelala juu ya kila kitu. Alikuwa amekonda. Alimkumbuka mara moja, na Mukai aliona kwamba angependa asingemkumbuka.

"Sitaki kitu kwako," Mukai alisema. "Neno moja tu. Uwaambie wachongaji ulichoona ulipofunua lile gunia."

"Mama, yale mambo ya Misri nilitubu. Mbele ya kanisa. Nilisema sitayataja tena."

"Mimi sikuja kwa ajili ya Misri. Nimekuja kwa ajili yangu."

"Sasa nikisema uliyafanya wewe," Kioko alisema kwa sauti ya chini, kama anayemfanyia hisani, "nitakuwa nimesema wewe ndiye ulileta ile laana kwangu. Muthoka ameshakufa, kwake haina shida. Unataka jina lako liitwe hivyo?"

Mukai alimtazama, akangoja kama ataona aibu. Kioko alifungua droo, akamtolea nauli. Aliiacha juu ya meza, kwenye vumbi.

Mutanu alikuwa nyumbani likizo kutoka chuo cha ualimu, na jioni ile Mukai alimweleza yote, kuanzia gunia mpaka msumeno. Alikuwa hajawahi. Binti yake alisikiliza ameinamisha kichwa, akichambua maharagwe yale yale mara mbili.

"Mama," alisema baadaye, "hata kama ni kweli. Usimwambie mtu mwingine."

Mukai alilisikia lile "hata kama". Alichukua sinia la maharagwe akaenda kuyaosha.

Wiki chache baadaye Kitheka alikuja na habari. Mnunuzi wa Nairobi alitaka simba thelathini wa kazi safi, kazi ya namba arobaini na moja, na yeye Kitheka hakuwa na mkono huo. Alikiri hilo akiwa ametazama mbuzi.

"Shemeji, tufanye kama mlivyofanya na ndugu yangu. Wewe ndani, mimi nje. Mnunuzi ananunua namba, hanunui mtu."

"Nitachonga," Mukai akamwambia. "Lakini nje. Na wewe utapiga msasa. Hapa uani, mchana, kila apitaye akuone."

Kitheka alifikiri ni mzaha. Alipoona si mzaha aliinuka, akavaa kofia yake, akaondoka. Kazi ile ilikwenda kwa wachongaji wengine upande wa Wamunyu. Wanawake kumi na wawili ambao wangelainisha wale simba walikosa msimu mzima, na walijua ni kwa sababu ya nani. Nzembi, rafiki yake tangu usichana, aliyekuwa akikaa naye mkeka mmoja kwenye banda la msasa, alipita mbele ya boma bila kugeuza shingo. Kanisani benchi aliloketi Mukai lilibaki na nafasi.

Hakurudi chamani. Sasa anachonga miko, ile ya kusongea ugali, kwa vipande vya miti anavyoviokota mwenyewe, na siku ya soko hutandika gunia Masii, pembeni mwa wauza vitunguu. Hachori chochote chini yake. Juzi mwanamke mmoja alichukua mwiko, akaukunja kwa nguvu kujaribu kama utavunjika, akasema mpini umekuwa mnene. Mukai alimwambia utamdumu. Mwanamke akasema wote husema hivyo, akaurudisha kwenye gunia, akaenda kutazama wa plastiki.